Mtu wetu akipata cheo, aijenge nyumba yetu?



Leo ninataka tuzungumze juu ya jambo moja ambalo tunalisema sana njiani tukitoka ibada, lakini ndani ya kanisa hatulisemi. Ni jambo la mtu wetu aliyepata cheo. Yeye ni mkristo wa kanisa letu na pia ni mtu wa Serikali. Je, ni vizuri autumie mkono wa Serikali kulisaidia kanisa lake? Na sisi, tukiletewa msaada huo, tuupokee?

Nianze na yaliyotupata. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, ndugu mmoja wa kanisa letu, mtu aliyelelewa pamoja nasi katika imani, alikuwa na kazi ya Serikali na alikuwa anatafuta kura ili awe depite. Jumamosi moja tulikuwa tunafagia uwanja. Gari likapanda mlima, likashusha manjanja sitini na mifuko arobaini ya simenti. Akina mama wakapiga vigelegele. Ninyi mnaosali nasi mnajua sababu: paa letu linavuja upande wa waimbaji, na chini ni udongo. Siku ya mvua mtoto wa kwaya anaimba huku maji yanamdondokea mabegani.

Papa Mchungaji hakushangilia wala hakukemea. Alisema vitu viwekwe chini ya hema, kisha akaita wazee na mashemasi. Tulikaa mpaka usiku. Mzee mmoja alisema: “Huyu ni mtoto wetu. Mungu amempandisha ili atukumbuke.” Mwingine akajibu: “Na wasio wa kanisa letu, nani atawakumbuka?” Nilirudi nyumbani bila usingizi. Haya ninayoandika ni matunda ya usiku ule na ya siku nyingi za kuwaza baada yake.

Kumpenda wa kwako si dhambi

Kwanza tusimhukumu mtu kwa sababu anawapenda walio wake. Hakuna mtu aliyeanguka kutoka mbinguni bila kabila, bila kijiji, bila kanisa. Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia kuwatendea mema watu wote, na zaidi wale wa jamaa ya imani (Wagalatia 6:10). Kiongozi asiyejua harufu ya udongo wa kwao hatajua pia shida ya wengine. Mji wetu huu wa Butembo haukujengwa na Serikali. Ulijengwa na wafanya biashara, na akina mama wa soko, na vijana waliobeba mawe wakati wa salongo. Kila mmoja alisaidia chama chake, shule ya watoto wake, kanisa lake. Hilo ni jema, na Mungu analibariki.

Basi depite akitoa sadaka kutoka mshahara wake, kama fundi anavyotoa kutoka jasho la msumeno wake, nani atamkataza? Aitumbukize ndani ya kikapu kama wengine.

Ubaya unaanza mahali pengine. Unaanza siku mtu anapokalia viti viwili kwa wakati mmoja. Katika kiti cha kwanza yeye ni anayeomba: kanisa lake linahitaji kiwanja, shule yake inahitaji walimu wa kulipwa na Serikali, chama chake kinahitaji msaada. Katika kiti cha pili yeye ni anayeamua nani apewe. Wenye elimu wanauita mgongano wa masilahi. Wazee wetu walikwisha kusema kwa maneno mafupi: mwamba ngoma huvutia kwake. Hawakusema kwamba mwamba ngoma ni mwizi. Walisema tu kwamba mikono yake, hata bila yeye kutambua, inavuta ngozi upande wake. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu mwema pia anavuta.

Yosefu alifanya nini?

Mtu mmoja atauliza: Yosefu hakuwasaidia ndugu zake kule Misri? Ndiyo, aliwasaidia. Alikuwa mkubwa wa pili katika nchi ya kigeni, wakati wa njaa, na jamaa yake ikapata nchi nzuri ya Gosheni. Lakini tusome vizuri Mwanzo sura ya 47. Yosefu hakuandika hati usiku. Alikwenda mbele ya Farao, akasema wazi kwamba baba yake na ndugu zake wamefika. Akachukua watano kati yao, akawaonyesha Farao uso kwa uso. Farao aliwauliza kazi yao, nao wakajibu wenyewe. Halafu Farao, siyo Yosefu, ndiye aliyetoa ruhusa wakae Gosheni.

Hapo ninaona maswali matatu ambayo kila mkristo mwenye cheo anaweza kujipima nayo. Mali hii ni ya nani? Nani ameamua? Watu wanajua? Nchi ilikuwa ya Farao, Farao akaamua, na watu wa nyumba yake walijua. Yosefu alijitenga na uamuzi uliohusu watu wake.

Mtume Paulo naye, alipokusanya fedha za kuwasaidia watakatifu wa Yerusalemu, hakuzibeba peke yake. Alituma ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu, akitaka mambo yawe sawa mbele ya Bwana na mbele ya wanadamu pia (2 Wakorintho 8:18-21). Kama Paulo aliona inafaa kujilinda hivyo, mimi shemasi wa kikapu na ndugu yangu depite tutasema sisi tumekwisha kutakaswa, hatuhitaji ulinzi?

Sisi tunajua uchungu wa jambo hili

Wapendwa, kama kuna makanisa yanayopaswa kulielewa jambo hili haraka, ni makanisa yetu yaliyoanzishwa na manabii Waafrika. Sisi tulipigwa na mkono huohuo.

Tarehe 26 Mei 1906, Serikali ya Leopold wa Pili iliyotawala Kongo ilifanya mkataba na Vatikani. Misioni za Kikatoliki zikapewa ardhi bure, nazo zikaahidi kufungua shule. Baadaye, wakati wa Wabelgiji, fedha za Serikali za kusaidia shule zilikwenda kwa misioni za Kikatoliki za Kibelgiji. Waprotestanti waligojea mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sisemi hayo ili kuwachukia ndugu Wakatoliki. Wengi wetu tulijifunza kusoma katika shule zao, na ninawashukuru. Ninasema tu kwamba watawala walilisaidia kanisa walilokuwa wao wenyewe, kwa mali na ardhi za watu wote. Kwa macho yao lilikuwa jambo jema. Kwa wale waliobaki nje lilikuwa mzigo.

Na ilipofika mwaka 1921, Simon Kimbangu alipoanza kuhubiri na kuponya kule Nkamba tarehe 6 Aprili, nani angemtetea? Alikamatwa mwezi wa Septemba. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ya Thysville ikamhukumu kifo. Mfalme Albert akabadilisha hukumu iwe kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka thelathini, akafia kule Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Waamini wake walipelekwa uhamishoni mbali na kwao. Kanisa lake lilitambuliwa na Serikali tarehe 24 Desemba 1959 tu.

Lakini hadithi haiishii hapo, na sehemu inayofuata inatuuma zaidi. Tarehe 31 Desemba 1971, wakati wa Mobutu, sheria mpya ilitoka juu ya makanisa. Kanisa Katoliki, Kanisa la Kristo la Waprotestanti na Kanisa la Kimbangu yalitambuliwa. Makanisa mengi madogo ya Kiafrika yalikatazwa, au yalilazimika kujificha chini ya mwavuli wa wengine. Wazee wetu walisali ndani ya nyumba, sauti chini. Mnaona? Kanisa lililofukuzwa miaka thelathini na nane sasa lilikuwa ndani ya mlango, na ndugu zake wadogo walikuwa nje kwenye mvua. Sijui kama sisi tungefanya vizuri zaidi. Ninaogopa kwamba tungeufunga mlango kama wengine.

Tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa, kwa heshima ya Kimbangu. Ni furaha kwa Waafrika wote. Lakini Serikali ikianza kukusifu, hapo ndipo pa kukumbuka siku uliyokuwa nje.

Tulipoombwa kuwa waamuzi

Mtu atasema: hayo ni ya zamani. Basi tutazame ya juzi.

Nchi yetu imeyapa makanisa na misikiti kazi nzito: kuchagua mtu wa kuongoza CENI, tume inayosimamia kura. Sababu ni nzuri. Watu waliona kwamba wanasiasa hawawezi kuwa wachezaji na mwamuzi katika mchezo mmoja. Ukipeleka kesi ya ngedere, hakimu asiwe nyani. Wakasema: tuwape watu wa Mungu, wao hawatafuti viti.

Sisi wa hapa tulijisifu sana wakati wa uchaguzi wa 2006, kwa sababu tume ya wakati ule iliongozwa na Abbé Apollinaire Malumalu, padri wa jimbo letu la Butembo-Beni, aliyekuwa rekta wa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Tulisema: ni mtoto wetu. Lakini wale walioshindwa kule Kinshasa walimlaumu kwamba yuko upande wa rais. Mwaka 2011 tume iliongozwa na mchungaji wa Kimetodisti, Daniel Ngoy Mulunda, mtu wa Katanga kama rais wa wakati ule. Watu wengi walisema: huyu ni rafiki wa rais, atahesabuje kura za rafiki yake? Matokeo ya mwaka ule yaliletea nchi mabishano makubwa.

Halafu mwaka 2021 madhehebu manane yaliketi kuchagua tena. Hayakukubaliana. Sita yalimchagua Denis Kadima. Kanisa Katoliki na Kanisa la Kristo la Waprotestanti yalikataa, yakisema mtu huyu yuko karibu mno na rais. Wenzao sita wakajibu kwamba yeye ni mtaalamu wa uchaguzi na wengine wanamwonea kwa ajili ya mkoa wake. Tarehe 22 Oktoba 2021 rais alitia sahihi. Mbele ya macho ya watu wote, watu wa Mungu walishitakiana mambo ya vitisho na ya fedha. Mimi sikuwa katika chumba kile, kwa hiyo simhukumu mtu. Ila ninajua lililotokea hapa mitaani. Mama anayeuza ndizi aliniuliza: “Shemasi, hata ninyi?”

Sikupata jibu. Labda Kadima ni mtu mwaminifu kabisa. Labda Malumalu na Mulunda pia walihesabu vizuri kila karatasi. Lakini mtu akiwa karibu sana na yule anayehukumiwa, hata haki yake inafanana na upendeleo. Na sisi wa Beni na Butembo tunajua inavyouma kutokuiamini tume. Tarehe 30 Desemba 2018 wengine walipiga kura ya rais, sisi tukaambiwa tungoje kwa ajili ya Ebola na usalama. Tulipopiga ya wadepite tarehe 31 Machi 2019, rais alikuwa amekwisha kuapishwa. Mpaka leo nani anaweza kumshawishi mtu wa Bulengera kwamba ilikuwa kwa ajili ya afya yake tu?

Jirani zetu wamefanya nini?

Tutoke kidogo nje ya mipaka, kwa sababu ugonjwa huu si wa Kongo peke yake.

Huko Kenya wanasiasa wana desturi ya kuingia kanisani Jumapili na mfuko wa fedha, na kupewa nafasi ya kusema. Tarehe 12 Septemba 2021, kule Butere, siku Rose Okeno alipowekwa kuwa askofu, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit alikataa wanasiasa wasihutubie ibadani. Wakubwa walikuwepo wameketi mbele. Walikaribishwa kusali, siyo kuhubiri siasa.

Mwezi wa Julai 2024, baada ya vijana kuandamana, Rais William Ruto mwenyewe alisema wakubwa wa Serikali wasishiriki tena katika michango hiyo ya harambee. Lakini tarehe 17 Novemba mwaka uleule alikwenda katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa fedha kwa ajili ya nyumba ya padri na kwaya. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha hizo, shilingi milioni 2.6 za Kenya, zitarudishwa. Siku chache mbele maaskofu walikuwa wameikosoa Serikali kwa ukali. Wangezipokea, maneno yao yangekuwa na uzito gani?

Tena Julai 2025 habari ilitoka kwamba Ruto anajenga kanisa ndani ya Ikulu ya Nairobi. Yeye ni mkristo anayejulikana kwa maombi, na alijibu kwamba anatumia fedha zake mwenyewe na hataomba msamaha kwa mtu. Tupime kwa maswali yetu matatu. Mali ni ya nani? Anasema fedha ni zake. Sawa. Lakini uwanja ni wa nani? Ikulu ni nyumba ya Wakenya wote, Mwislamu na Mkristo, na yule wa dini ya mababu. Nani aliamua? Yule yule anayependa kujenga. Watu walijua? Walijua kwa njia ya gazeti. Kusali ndani ya nyumba unayokaa si kosa. Kujenga hekalu la dini yako katika kiwanja ulichoazimwa ni jambo jingine, hata kama matofali umenunua wewe.

Sasa tutazame Tanzania. Julius Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kweli, mtu wa misa. Katika Azimio la Arusha la 1967 chama chake kiliweka miiko: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mabepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Yaani asikalie viti viwili. Kisha sheria ya 1969 ikachukua shule za misioni ziwe za watoto wote, pamoja na zile za Kanisa lake mwenyewe, wakati watoto wengi wa Kiislamu walikuwa wamebaki nyuma kwa elimu. Nyerere hakuwa malaika, na wako Waislamu wa Tanzania waliolalamika kwamba Kanisa liliendelea kupendelewa. Miiko ile nayo ililegezwa kule Zanzibar mwaka 1991. Lakini ninamheshimu kwa hili: kanisa alilosali ndani yake halikuachwa nje ya sheria aliyowawekea wengine.

Zawadi inafunga kinywa

Wapendwa, tunafikiri hatari iko kwa mwanasiasa tu. Hapana. Hatari kubwa iko kwetu tunaopokea.

Kumbukumbu la Torati 16:19 linatufundisha kwamba zawadi inapofusha hata macho ya wenye akili. Ibrahimu alilijua hilo. Mfalme wa Sodoma alipotaka kumpa mali, alikataa hata uzi na kamba ya kiatu, ili mfalme yule asije akajisifu kwamba ndiye aliyemtajirisha (Mwanzo 14:21-23). Kanisa la kinabii lina mali moja tu kubwa, nayo ni kinywa. Nabii Nathani angemwambiaje Daudi ukweli juu ya mke wa Uria kama paa la nyumba yake lingekuwa zawadi ya Daudi?

Hapa kwetu tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa kwa mapanga na risasi. Tunahitaji makanisa yanayoweza kuwauliza wakubwa bila kigugumizi: askari walikuwa wapi? fedha zilikwenda wapi? Kanisa lenye deni la simenti litauliza kwa sauti ndogo.

Tukumbuke pia Nehemia. Miaka kumi na miwili alikuwa liwali wa Yuda, na hakula chakula cha liwali, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa (Nehemia 5:14-18). Aliporudi kutoka safari alikuta kuhani Eliashibu amempa Tobia, mtu wa jamaa yake, chumba kikubwa ndani ya hekalu, mahali pa kuweka sadaka za nafaka na fungu la Walawi. Nehemia akatupa nje vyombo vyote vya Tobia, akaamuru chumba kisafishwe (Nehemia 13:4-9). Tobia hakuingia kwa nguvu. Aliingia kwa sababu alikuwa mtu wa mwenye funguo. Ndiyo hatari ya neno hili “mtu wetu”.

Na mimi pia nilivuta ngozi

Ningemaliza hapa, watu wangesema shemasi anawapiga wakubwa mawe. Basi niungame.

Wakati fulani wakimbizi wengi wa vita waliingia katika mitaa yetu, wakitoka upande wa Beni. Msaada wa maharage na mafuta ulikuja, na mimi niliwekwa katika kamati ya kuandika majina. Chakula hakikutosha kwa wote. Nilijua vizuri familia za kanisa letu, kwa sababu zilikuwa zinalala kwetu. Niliandika za kwetu kwanza. Sikuiba hata kikombe. Kila jina lilikuwa la mkimbizi wa kweli. Nilijiambia kwamba ninawaandika ninaowafahamu. Karatasi ilipojaa, mama mmoja mwenye watoto wanne alibaki nje. Hakuwa wa kanisa letu. Aliniangalia, hakusema neno, akaondoka na watoto wake.

Ningepaswa kufanya nini? Kitu rahisi kabisa. Kuwaambia wenzangu: “Familia hizi ni za kanisa langu. Mimi nitoke, ninyi muamue.” Ilikuwa sentensi moja. Sikuisema kwa sababu niliogopa kwamba wengine wangewaandika watu wao. Na ndivyo kila mmoja katika kamati alivyofikiri juu ya mwenzake.

Hapa nimefika kwenye pingamizi kubwa, ambalo mama mmoja alilisema usiku ule wa manjanja: “Wengine wanajengewa na watu wao. Sisi tukikataa, tutabaki na mvua yetu, na hakuna atakayetusifu.” Mama huyu alisema kweli. Sitawadanganya kwamba anayeacha upendeleo atarudishiwa mara mbili kabla ya Pasaka. Mara nyingi anabaki na mvua. Lakini kila kanisa likijibu hivyo, mali ya wote inakuwa nyama kati ya mbwa, na mwenye meno makali ndiye anayeshiba. Sisi tulikuwa dhaifu mwaka 1921 na mwaka 1971. Kesho pia tunaweza kuwa dhaifu. Kipimo tunachotaka wengine watupimie siku ile, tukianze leo tungali na mtu wetu kitini.

Basi tufanye nini?

Kwanza, ndugu mwenye cheo atoe cha kwake, siyo cha Serikali, na atoe kama mkristo mwingine, bila bendera ya chama na bila kipaza sauti.

Pili, shauri la kanisa lake, kabila lake, au chama chake likifika mbele ya meza yake, aseme wazi: mimi ni wa hao. Kisha asimame, wengine waamue. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 99, inamtaka rais na mawaziri wandike mali zao wanapoingia kazini na wanapotoka. Kusema wewe ni wa nani ni roho ileile.

Tatu, kanisa liwe na daftari. Kila zawadi kubwa iandikwe: nani, lini, imetoka wapi. Aliye na cheo asikae katika kamati inayopokea zawadi zake.

Nne, wakati wa kampanye kanisa lisipokee kitu kwa mtu anayetafuta kura, hata kama ni mtoto wetu. Angoje kura zihesabiwe.

Nimalize na ndugu yetu. Kesho yake Papa Mchungaji alimwita, akamwuliza maswali yale matatu kwa upole. Juu ya manjanja alionyesha karatasi ya duka. Alinunua kwa fedha zake. Juu ya simenti alisema: “Msiulize sana.” Tukamwomba airudishe ilikotoka. Manjanja tuliyaweka ndani mpaka baada ya uchaguzi, tukayaandika katika daftari pamoja na misumari ya wajane, hatukuyatangaza. Alikasirika. Kura hazikutosha, na watu wengine walisema kanisa ndilo lililomwangusha. Miezi mingi hatukumwona. Sasa amerudi. Anaketi nyuma karibu na mlango, naye anatoa sadaka yake katika bahasha isiyo na jina.

Upande wa waimbaji hauvuji tena. Chini bado ni udongo, na akina mama wanaumwagia maji kila Jumamosi ili vumbi lisipande. Tumeanza kuchangia simenti, mfuko kwa mfuko. Mwenye nguvu alete, mwenye cheo naye alete, kila mtu kutoka mkono wake.

Bwana atupe macho yasiyopofushwa na zawadi, na atulinde sote katika siku hizi ngumu. Amina.

Ni mimi ndugu yenu, shemasi wa parokia, Bulengera.